Seretse na Ruth: mama mkwe wako amepatia nusu

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Juzi nilitazama filamu ya A United Kingdom pamoja na mume wangu na mama yake. Mimi nililia. Mume wangu aliwalaani Waingereza mwanzo hadi mwisho. Mama mkwe alikaa kimya, filamu ilipoisha akasema, 'Mwenye akili humo ni yule baba mdogo peke yake.' Mpaka leo tunabishana. Tuamulie: yaliyoonyeshwa yalitokea kweli? Na kwa nini serikali nzima ihangaike na ndoa ya watu wawili?" (Msomaji, Tanga)

Marahaba, dada. Kwa ambao hawajaitazama, filamu hiyo inasimulia ndoa ya Seretse Khama, mrithi wa kiti cha utemi cha Bangwato, kabila la Batswana katika Bechuanaland (Botswana ya leo), na Ruth Williams, Mwingereza. Nianze na mama mkwe, maana wakubwa hutangulia. Katika barua zote nilizopata kuhusu filamu hii, yeye ni wa kwanza kumtaja Tshekedi Khama kwa nafasi yake halisi katika ukoo. Wengine wote huandika "mjomba wake Seretse", kwa kuwa Kiingereza kina neno moja tu kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama. Tshekedi alikuwa mdogo wake Sekgoma wa Pili, baba yake Seretse, baba mmoja mama mbalimbali. Kwa watu wanaorithi kuumeni, kama Bangwato wa Serowe, jambo hilo ni zito. Mjomba hakushikii kiti cha baba yako. Baba mdogo hukushikia, na akikishika miaka mingi watu huanza kunong'ona.

Naye alikishika miaka mingi kweli. Sekgoma alifariki mwaka 1925, Seretse akiwa mtoto wa miaka minne. Mwaka uliofuata Tshekedi, kijana wa miaka ishirini, aliitwa kutoka chuo cha Fort Hare, Afrika Kusini, aje kumlea mtoto na kushika kiti. Alimlea kama mwanawe. Alimsomesha hadi Fort Hare hiyo hiyo, kisha mwaka 1945 akampeleka Uingereza, kwanza Oxford, halafu London kusomea uwakili. Hesabu ilikuwa kwamba kijana atarudi, atatafutiwa mke, atakaa kitini, na mlezi atapumzika. Badala ya kijana, ikaja barua: naoa, na mwenyewe ni Mwingereza.

Filamu, iliyoongozwa na Amma Asante na kutoka mwaka 2016, inaanzia kidogo kabla ya barua hiyo, London ya mwaka 1947, kwenye dansi la wamisionari. David Oyelowo ndiye Seretse, Rosamund Pike ndiye Ruth Williams. Sehemu hii ina ukweli mwingi. Ruth alikuwa karani katika kampuni ya bima, na wakati wa vita aliendesha magari ya kubebea majeruhi. Dada yake, Muriel, ndiye aliyewakutanisha, na kilichowasogeza karibu ni muziki wa Wamarekani weusi, hasa kundi la Ink Spots. Sina la kuongeza hapo. Mapenzi yao hayakuhitaji kuongezewa chumvi na mwongozaji hakuongeza.

Harusi ndiyo ningeikalia zaidi yake. Walipanga kufunga ndoa kanisani mwishoni mwa Septemba 1948. Watu wa misheni, wakisukumwa na simu za Tshekedi kutoka Serowe, wakamwendea padri, naye akaingiwa na hofu dakika za mwisho na kuwapeleka kwa Askofu wa London. Askofu akajibu kwamba ataruhusu iwapo serikali itaridhia. Hebu lisome jibu hilo mara ya pili. Hakukuwa na sheria ya Uingereza wala ya Himaya ya Bechuanaland iliyokataza Mwafrika na Mzungu kuoana. Wote wawili walikuwa Wakristo, watu wazima, hawajaoa wala kuolewa. Askofu alikuwa anaiombea ndoa kibali ambacho hakikuwa kinahitajika, kutoka kwa ofisi ambayo haikuwa na mamlaka ya kukitoa. Siku chache baadaye, tarehe 29 Septemba, Seretse na Ruth wakaenda Kensington kwa msajili, wakafunga ndoa ya bomani. Baba yake Ruth akamfungia mlango. Kazini akaambiwa achague: kuhamishiwa New York au kuacha kazi.

Sasa turudi kwa baba mdogo, kwa sababu hapa mama mkwe ameona jambo ambalo filamu imelipitia juu juu.

Tshekedi hakuwa kibaraka wa Wazungu, na mtazamaji asiyejua historia yake anaweza kudhani hivyo. Baba yake, Khama wa Tatu, ni mmoja wa watawala watatu wa Batswana waliopanda meli mwaka 1895 kwenda London kuomba nchi yao isikabidhiwe kwa Cecil Rhodes, tajiri wa migodi wa Kiingereza. Tshekedi mwenyewe alibishana na kampuni ya Rhodes kuhusu madini, na alipinga kwa nguvu zote Bechuanaland kumezwa na Afrika Kusini. Mwaka 1933 baraza lake lilimhukumu kijana wa Kizungu kuchapwa viboko kwa ugomvi na kwa tabia yake na wasichana wa Serowe. Waingereza walishtuka hata wakasafirisha mabaharia na mizinga kutoka Cape hadi pembezoni mwa Kalahari, kumvua madaraka mtu mmoja asiye na jeshi. Wiki chache tu baadaye wakamrudisha, kwa aibu. Huyo si mtu wa kuambiwa anawaogopa Wazungu.

Alichokipinga ni utaratibu uliorukwa. Mke wa kgosi (ndivyo Batswana wanavyomwita mtemi wao) hakuwa mke wa mtu mmoja. Alikuwa mama wa watu wote, na mwanawe ndiye angekaa kitini. Kwa hiyo watu wote walikuwa na neno katika posa yake, kupitia wazee, kupitia kgotla, yaani baraza la wazi la wanaume wa kabila. Batswana wana msemo, "Kgosi ke kgosi ka morafe", mtemi ni mtemi kwa sababu ya watu wake. Seretse hakutuma mshenga, hakuuliza wazee, alitoa taarifa. Hata angemwoa binti wa Kitswana kwa njia hiyo kungekuwa na kesi nyumbani. Niulizie mama mkwe: je, hicho ndicho alichokiona? Kama ndicho, nusu ya kwanza amepatia.

Nusu ya pili inampinga. Ukisema watu wana neno, lazima uwasikilize wakilisema. Kgotla iliitishwa Serowe mara tatu. Novemba 1948 wazee karibu wote walikuwa upande wa Tshekedi. Desemba sauti zikaanza kugawanyika. Juni 1949 walikusanyika wanaume wapatao 4,000, na baada ya siku kadhaa za maneno Seretse akauliza swali la moja kwa moja: nani hamtaki mke wangu? Wakasimama wapatao 40. Nani anamtaka? Umati ukainuka ukiitikia "Pula! Pula!", yaani mvua, ndiyo baraka kubwa kuliko zote katika nchi kavu kama ile. (Ndilo jina la fedha ya Botswana hadi leo. Ukilipwa mshahara kule, unalipwa mvua.)

Filamu imeigeuza siku hiyo kuwa hotuba moja tamu ya kijana mmoja. Kwa kweli ilikuwa kazi ya miezi minane ya watu kubishana, kupima, kubadili mawazo. Na walivyobadilika si kwa sababu ya mapenzi tu. Wengi walianza kujiuliza: huyu baba mdogo anayesema mwanetu asitawale kwa sababu ya mke, akiondoka mwanetu atakaa nani kitini? Kule kunong'ona nilikokutajia mwanzo kukawa kelele. Tshekedi akashindwa kwa kanuni ile ile aliyoitetea, akahama na wafuasi wake kwenda nchi ya Bakwena, kabila jingine la Batswana. Agosti mwaka huo Ruth akawasili.

Kwa hiyo, kama jambo lingekuwa la kabila, lingeishia Juni 1949. Baraza lilikuwa limeamua. Hapo ndipo swali lako la serikali nzima kuhangaika linapoanza, na hapo nakubaliana na hasira za mume wako ingawa ningezielekeza mahali pengine kidogo.

Mwezi Mei 1948, miezi minne kabla ya ndoa ya bomani, chama cha Makaburu cha Daniel Malan kilishinda uchaguzi Afrika Kusini. Mwaka uliofuata kikapitisha sheria ya kupiga marufuku ndoa kati ya Wazungu na watu wa rangi nyingine. Sasa fikiria: ng'ambo ya mpaka tu, mtawala Mwafrika msomi anakaa na mke Mzungu, watu wake wanampigia vigelegele, na bendera inayopepea juu yao ni ya Uingereza. Malan hakuweza kulivumilia. Godfrey Huggins, waziri mkuu wa Rhodesia ya Kusini, naye akapaza sauti. Na Malan alikuwa na fimbo mkononi. Sheria iliyoanzisha Muungano wa Afrika Kusini mwaka 1909 ilikuwa imeacha mlango wazi wa kuzikabidhi Bechuanaland, Basutoland na Swaziland, na Makaburu walikuwa wanadai zikabidhiwe. Makao makuu ya utawala wa Bechuanaland yenyewe yalikuwa Mafikeng, ndani ya Afrika Kusini, nje ya nchi iliyokuwa ikitawaliwa! Juu ya hayo, Uingereza ilitoka vitani imefilisika na ilihitaji dhahabu ya Afrika Kusini. Pamoja na Marekani ilihitaji pia urani ya migodi ile kwa ajili ya mabomu ya nyuklia.

Serikali iliyokuwa London ilikuwa ya chama cha Labour, chini ya Clement Attlee, watu waliojiita marafiki wa wanyonge. Hawakuweza kusimama bungeni na kusema tunamfukuza mtu kwa ajili ya rangi ya mkewe. Wakaunda tume. Jaji Walter Harragin alifika Bechuanaland mwishoni mwa 1949 kuchunguza kama Seretse anafaa kutawala. Taarifa yake ni moja ya nyaraka za ajabu nilizowahi kusoma. Ilikiri kwamba Seretse anafaa, ana elimu, ana hekima, watu wanamtaka, na kwamba laiti hali ya sehemu ile ya Afrika ingekuwa nyingine wangemthibitisha bila kusita. Kisha ikapendekeza asithibitishwe, kwa kuwa majirani wataudhika. Jaji alikuwa ameandika ukweli ambao mwajiri wake alitaka ufichwe. Taarifa ikafungiwa kabatini kwa miaka 30, na serikali ikaendelea kukana kwamba Afrika Kusini ilikuwa na mkono katika jambo hili.

Februari 1950 Seretse akaitwa London kwa mazungumzo. Ruth akabaki Serowe akiwa na mimba, wakihofu kwamba akitoka hataruhusiwa kurudi. Kule London Seretse akapewa ofa: pauni 1,100 kwa mwaka, aachie kiti. Akakataa. Machi, waziri Patrick Gordon Walker akatangaza bungeni kwamba Seretse hataruhusiwa kukaa nchini kwake kwa miaka mitano.

Kuna tukio la mwezi huo huo ambalo nashangaa filamu haikulipa nafasi kubwa, maana lilikuwa sinema tayari. Balozi mkuu wa Uingereza kusini mwa Afrika, Sir Evelyn Baring, alikwenda Serowe kuwaeleza Bangwato uamuzi huo. Alivaa sare nyeupe, upanga na kofia ya manyoya. Akafika kwenye kgotla, akakuta uwanja mtupu. Watu walikaa majumbani mwao. Mwakilishi wa mfalme akasimama juani, hana wa kumhutubia.

Jina hilo wasomaji wangu wa Kenya wanalijua. Ni Baring yule yule aliyepelekwa Nairobi kuwa gavana mwaka 1952 na kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba, akamkamata Jomo Kenyatta na wenzake. Na mchezo wa kumwita mtawala, kumpandisha ndege na kumweka London haukuishia Serowe. Novemba 1953 ulichezwa Uganda kwa Kabaka Mutesa wa Pili, aliyerudishwa miaka miwili baadaye kwa sababu Waganda, kama Bangwato, walikataa kata kata kumkubali mtu mwingine.

Ndiyo maana namwambia mume wako: katika filamu umewachukia watu wasio sahihi. Yule Mwingereza mwenye dharau, Sir Alistair Canning, na msaidizi wake Rufus Lancaster, ni wahusika wa kubuni. Mwandishi amekusanya ofisi kadhaa akazipa sura mbili zenye tabasamu baya ili tupate wa kumzomea. Nalielewa hilo, filamu haiwezi kumwonyesha mtu anachapa barua kwa saa mbili. Lakini waliomfukuza Seretse kweli walikuwa wapole. Baadhi yao walimpenda. Waliandika barua za adabu, wakamhurumia Ruth kwa dhati, kisha wakatia saini. Kwangu hao wanatisha kuliko Canning.

Kuhusu Winston Churchill filamu haikumwonea. Akiwa upinzani alilisema vibaya tendo la Labour. Alirudi madarakani Oktoba 1951, na Machi 1952 serikali yake ikaigeuza ile miaka mitano kuwa marufuku ya maisha. Wakampa Seretse kazi Jamaica kama kifuta machozi, akaikataa. Serowe ikalipuka: Juni mwaka huo kukatokea ghasia kwenye kgotla na askari watatu Waafrika, waliotoka Basutoland, wakauawa. Hilo halimo katika filamu, na naona limeachwa kwa sababu linachafua hadithi safi.

Jambo jingine ambalo limesogezwa ni kutengana kwao. Filamu inamwonyesha Ruth akijifungua peke yake huku mume yuko mbali ng'ambo. Kwa kweli Seretse alikuwa amesharuhusiwa kurudi hadi Lobatse, kusini mwa nchi, kwa ajili ya kesi ya mali na baba yake mdogo. Binti yao Jacqueline alizaliwa Mei 1950, na Agosti wote watatu wakaondoka kwenda Uingereza. Uhamisho wao ulikuwa miaka sita ya maisha ya kawaida ya nyumba ya pembezoni mwa London: mume asiye na kazi ya maana, mke anayepika, na mtoto wa pili, Ian, anayezaliwa mwaka 1953. Ni kuchoka zaidi kuliko machozi. Kuchoka hakuuzi tiketi.

Na almasi. Hapa naikosoa filamu bila huruma. Inatufanya tuamini kwamba almasi zilikwishaonekana wakati ule na kwamba Seretse alizitumia kama turufu mbele ya Waingereza. Almasi za Orapa ziligunduliwa mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya uhuru. Nchi aliyoipigania ilihesabiwa kuwa miongoni mwa maskini kabisa duniani, na hakuna aliyejua kilichomo chini ya mchanga. Kuingiza almasi mapema kunapunguza uzito wa alichofanya. Ukweli wenyewe ni mzuri zaidi: mwaka huo huo wa 1967 serikali yake ilipitisha sheria iliyohamisha haki za madini kutoka kwa makabila kwenda kwa taifa. Eneo la Orapa lilikuwa katika ardhi ya Bangwato, watu wa kiti alichonyimwa. Angeweza kulalia utajiri huo kama mtemi, akautoa kama rais.

Huenda unajiuliza walirudije. Hapa naomba umwite mama mkwe akae karibu. Aliyefungua mlango ni yule yule baba mdogo. Tshekedi naye Waingereza walikuwa wamemzuia kukaa nchi ya Bangwato, wakidai wanalinda amani. Mlezi na mwana wakajikuta wote wawili wamefukuzwa nyumba moja na mtu wa nje. Mwaka 1956 Tshekedi alifika London, wakakaa, wakayamaliza kifamilia. Wakaandika tamko la pamoja: kila mmoja anaachia madai ya kiti, Seretse kwa niaba yake na ya watoto wake, na wote wanarudi kuwa raia wa kawaida. Uingereza ikakosa sababu. Oktoba 1956 Seretse alikuwa Serowe. Tshekedi alifariki miaka mitatu baadaye.

Yaliyobaki mnayajua kwa sehemu. Seretse alianzisha chama mwaka 1962 pamoja na Quett Masire, akashinda viti 28 kati ya 31 katika uchaguzi wa Machi 1965, na tarehe 30 Septemba 1966 akawa rais wa kwanza wa Botswana. Sisi Watanzania tulimjua zaidi miaka ya sabini, akiwa pamoja na Mwalimu Nyerere na Kaunda katika nchi za mstari wa mbele. Aliongoza mkutano wa Lusaka wa Aprili 1980 ulioizaa SADCC, ndiyo SADC ya leo, yenye makao makuu Gaborone. Miezi mitatu baadaye akafariki, akiwa na miaka 59. Ian, mtoto yule wa uhamishoni, alisimikwa kuwa kgosi wa Bangwato mwaka 1979 ingawa baba yake alikuwa ameachia kiti kwa niaba yake, kisha akawa rais mwaka 2008. Wazee wa Serowe walikuwa na kumbukumbu yao kuhusu tamko lile.

Najua mama mkwe atakuwa na swali moja zaidi, kwa sababu ndilo wazee wetu huuliza kuhusu mke aliyetoka mbali: mume alipokufa, alirudi kwao? Hapana. Ruth alibaki Botswana miaka 22 ya ujane, akiendelea na kazi zake za Msalaba Mwekundu. Alifariki Mei 2002, na wakwe zake wakamzika Serowe, kando ya mumewe, katika makaburi ya ukoo wa Khama.